Uzito wa Meneja

"Mfupa? Mimi? Mfupa wangu uende kwa mbwa, na humu ndani watu wananyonya mpaka ule ulionyonywa jana?" Mama Sufuria alisimama katikati ya ua, mkono mmoja umeshika ndoo, wa pili umeshika kiuno. "Nitolee balaa, Baridi. Kama kuna kitu kala, kakila kwako. Kala waya zako."

"Waya haziliwi, dada."

"Haziliwi na nani? Jana nimemwona kwa macho yangu haya, ana kitu chekundu mdomoni anakitafuna kama mzee asiye na meno."

"Ile ilikuwa soksi ya Askari."

"Basi soksi ya Askari ndiyo iliyomuua."

"Hajafa," alisema Msusi, bila kuinua macho.

Wote wawili walitazama chini ya kigoda chake. Kweli, alikuwa hajafa. Mtoto wa mbwa, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na la pili limelala, alikuwa amejikunja juu ya gunia tupu, na kando yake kulikuwa na povu la njano alilolitapika muda si mrefu. Walimwita Meneja. Jina alipewa wiki ileile alipoingia humo ndani, kwa sababu hakikupita kitu bila yeye kukikagua: viatu vya wageni, mifuko ya sokoni, vyombo vinavyosubiri kuoshwa, hata upindo wa gauni la Bi Mkubwa, mwenye nyumba, ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kukaguliwa na mtu. Asubuhi hiyo Meneja hakukagua kitu. Mgeni aliingia na viatu vipya kabisa, akapita navyo hadi ndani.

Mgeni mwenyewe alikuwa bi harusi wa jioni ile, na kichwa chake ndicho kilichokuwa mikononi mwa Msusi. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha sukwa, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama zinangoja zamu yao. Alfajiri, Meneja alipotapika mara ya kwanza, Msusi alimwinua kwa mkono mmoja, kama mtu anavyookota leso iliyoanguka, akamweka kwenye gunia, akajiambia: ngoja nimalize kichwa hiki. Jua lilipofika kwenye gunia, aliinama amsogeze kivulini, na safari hii alihitaji mikono miwili. Hakushangaa. Alifuta viganja kwenye nguo yake, akarudi kwenye nywele.

Msusi alikuwa mpangaji wa chumba cha pili kutoka getini. Mumewe alikuwa ameshafariki. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, na humsalimia mama yake kwa ujumbe wa sauti, ambao nyuma yake daima kulikuwa na mtu anayemwita binti aje upesi. Meneja, Msusi alimwokota sokoni, ndani ya boksi la nyanya. Tangu hapo, kila alipotoka, hata kama ni kwenda kununua kipande cha sabuni, alirudi akakuta kuna mtu getini anayejitupa miguuni pake kama vile alikuwa ng'ambo miaka yote. Alikuwa amezoea kusema, "Haya, haya, nimerudi, usinivunje," na kulisema neno hilo kwa sauti ndani ya nyumba ya kupanga ni jambo kubwa kwa mtu anayeishi peke yake.

Lakini peke yake ni namna tu ya kusema. Katika nyumba ile hakuna aliyeweza kuwa peke yake hata angelipia. Kulikuwa na desturi moja ambayo wapangaji walijivunia kuliko hata choo cha vigae alichojenga Bi Mkubwa: humo ndani mtu haamui jambo mwenyewe. Taa ya ua ikiungua, kikao. Mchumba akija kujitambulisha, kikao. Kitasa kikilegea, watu wanakaa, kila mmoja anasema lake mpaka lote limtoke, na hakuna anayenyanyuka kabla wa mwisho hajasema. Hata chakula cha jioni walikula pamoja, kwenye meza ndefu ya Bi Mkubwa, na sahani hazikufunuliwa mpaka wote wawe wamefika. Watu wa nyumba za jirani waliwaonea wivu. Mtu akiugua humo, aliugua mbele ya umati.

Kwa hiyo Bi Mkubwa alipotoka chumbani na kitita chake cha funguo, akasikia neno mbwa, neno mfupa na neno soksi, alichukua kijiko akagonga sahani. "Viti," alisema.

Viti vikaja. Baridi, fundi friji, alikalia friji moja iliyolazwa, kwa maana barazani kwake zilikuwa nyingi kuliko viti. Bi harusi naye alikaa, na nusu yake ya kichwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke na yeye alikuwa anataka kujua mwisho.

"Haya, Msusi," alisema Bi Mkubwa. "Mgonjwa ni wako. Sema."

"Anatapika tangu alfajiri. Maji nikimpa anayarudisha. Mimi nilikuwa nafikiri nimpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Umefikiri vizuri. Wengine mnasemaje?"

"Daktari wa nini na mbwa mwenyewe hana hata sikio la pili?" alisema Baridi, na watu wakacheka, hata Msusi alicheka kidogo. "Mimi nasema mbwa anajitibu. Mfungulieni, atatafuta majani yake huko nje, atakula, atatapika uchafu, mambo yamekwisha. Ngojeni muone."

Gunia lilitoa sauti, kama mtu ameketi juu yake.

"Majani gani, huyu hata kichwa hanyanyui?" Mama Sufuria, ambaye alikuwa mpishi wa shule na alizoea kuongea kwa sauti ya kufika madarasa yote, aliweka ndoo chini. "Maji, sukari na chumvi. Mimi watoto wa watu nawapa hayo na wanasimama. Kijiko kidogo kidogo. Tumpe, halafu tungoje hadi adhuhuri."

Wakati anasema hivyo, Msusi alikuwa ameinama kumnyanyua Meneja ili amweke kwenye kreti ya soda iliyotandikwa nguo. Alimnyanyua kwa shida, mgongo ukalia. Ndani ya kreti, vipande vya plastiki vya chini vilipinda, kisha vikakatika kimoja kimoja.

"Kaongezeka," alisema Msusi.

"Meneja wote hunenepa," alisema Baridi.

Bi harusi alisema kwao walikuwa na mbwa aliyetapika hivyohivyo na kesho yake akaamka mzima, hivyo yeye angeshauri walale kwanza. Kreti ikapasuka katikati. Meneja akabaki juu ya saruji, amelala kwa ubavu, mdogo vilevile kama alivyokuwa jana, ubavu unapanda na kushuka upesi upesi. Chini yake saruji ilikuwa imeanza kufanya nyufa nyembamba, kama ganda la yai.

Hapo ndipo Msusi alipomkumbuka mume wake. Yeye aliumwa tumbo, upande wa kulia, na kikao chake kilikuwa kirefu na cha upendo sana, watu walijaa mpaka barazani. Kitanda kilivunjika wakiwa bado wanashauriana, wakasema ni mchwa. Walipokubaliana kumpeleka hospitali walimlaza juu ya mlango uliong'olewa, na mlango nao ukavunjika, wakasema mbao za siku hizi hazina kitu. Wanaume waliombeba walishindwa kufika barabarani. Lakini saa ya kumrudisha ndani, alipokuwa hasikii tena maumivu, shemeji yake mmoja alimbeba peke yake begani, akilia, kama mkeka uliokunjwa. Msusi aliliona hilo. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia ambaye hakuwapo.

"Bi Mkubwa," alisema, "mimi naona tusingoje."

"Naam, na mimi naona hivyo hivyo," alisema Bi Mkubwa kwa upole. "Ila Askari hajarudi. Mtu akitoka kazini akute tumeamua bila yeye, atajisikiaje? Soksi ilikuwa yake."

Wote waliona ni haki. Askari alikuwa mlinzi wa geti kwenye kampuni moja ya mabomba, na zamu yake iliisha adhuhuri. Wakamngoja. Mama Sufuria alikoroga maji yake ya sukari na chumvi, akamnywesha Meneja kwa kijiko, na Meneja akayarudisha yote, yakiwa na povu. Msusi aliendelea na upande wa kushoto wa kichwa cha bi harusi, lakini vidole vilikuwa vinapotea njia, akafumua mstari mmoja, akausuka tena, akaufumua. Mwishowe wakaja mashangazi wa bi harusi na vigelegele vyao, wakaona kichwa, wakanyamaza, wakamfunga kitambaa na kumchukua kama alivyo. Getini bi harusi aligeuka. "Mtanijulisha imekuwaje," alisema.

Askari alipofika alivua viatu, akanawa uso, akakaa. Desturi ilitaka asikie kila kitu tangu mwanzo, na kutoka kwa kila aliyesema, siyo kwa muhtasari. Basi Mama Sufuria alirudia habari ya mfupa ambao hakuutoa, na Baridi alirudia ile ya majani, pamoja na utani wake, na watu wakacheka mahali palepale. Askari alisikiliza akitikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema. Soksi aliisamehe.

"Kwa mtazamo wangu," alisema, "jua ni kali sana sasa. Mgonjwa hatolewi kwenye jua hivi. Lipungue kwanza."

Sakafu ililia. Meneja alizama kidogo, kiasi cha unene wa kidole, na katika shimo alilojifanyia kukatokea maji mekundu yaliyotoka nyuma yake, yananuka vibaya, harufu ambayo kila mtu uani aliifahamu kuwa siyo ya soksi wala ya mfupa.

Msusi alisimama. "Nampeleka," alisema.

"Shoga, Bi Mkubwa hajafunga kikao," Mama Sufuria alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu yake imefunguka.

Msusi alikuwa ameshachuchumaa. Aliingiza mikono chini ya Meneja, akavuta. Hakutoka. Baridi akaja kumsaidia, akaja na Askari, wakavuta wote watatu, nyuso zikawavimba. Meneja aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa macho yaliyoingia ndani, akapiga mkia mara moja juu ya saruji, na kipande cha saruji kikaruka.

Namba ya daktari wa mifugo ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa duka la kona, chini ya picha ya ng'ombe, na Mama Sufuria aliijua kwa kichwa, kama alivyojua namba za watu wote. Msusi akapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na sauti yake ilionyesha mikono yake ina kazi nyingine.

"Ana umri gani?"

"Bado mdogo. Meno yake ya kwanza hajang'oa."

"Kachanjwa?"

"Hajachanjwa."

"Mvute mdomo, niambie fizi zina rangi gani."

Msusi alimvuta mdomo. "Nyeupe. Kama karatasi."

"Bana ngozi ya shingo, iachie."

Aliibana, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama vilevile kama hema.

"Haijarudi," alisema.

"Anatoa damu?"

"Anatoa."

"Mlete sasa hivi. Anahitaji maji ya mshipa."

"Ni mzito, daktari."

"Mzito kiasi gani?"

"Fundi friji anasema kama friji mbili zenye vitu ndani."

Kwenye simu chuma kiligonga chuma. "Mmengoja wangapi?" aliuliza daktari.

"Nyumba nzima."

"Ndiyo wanavyokuja," alisema daktari, wala hakuonyesha kushtuka. "Sikiliza, mama. Mtoto wa mbwa akitapika mara moja halafu akarudi kucheza, huyo mwangalie tu. Akitapika asikome, akikataa maji, akihara damu, akilegea, fizi zikipauka, hapo hakuna kungoja. Siyo hadi asubuhi, siyo hadi jua lipungue, siyo hadi fulani arudi. Mdogo hivyo hana akiba mwilini. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Najua umesikia. Wote husikia."

"Huwezi kuja wewe?"

"Niko peke yangu, na mezani nina paka aliyefunguliwa tumbo. Nikimwacha, atazama na meza yake."

Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wa nyumba ile hawakujituma. Baridi alileta toroli lake la kubebea friji, lile la chuma lenye magurudumu ya pikipiki. Askari alileta mtaimbo. Walimng'oa Meneja kutoka kwenye saruji polepole, kama watu wanaochimbua kitu cha thamani, wakamsukuma juu ya toroli, wakamfunga mkanda ingawa hakuwa na pa kwenda. Mama Sufuria alimfunika kitambaa kibichi. Bi Mkubwa, ambaye alitangulia kufunga kikao kwa maneno mafupi, alisimama getini akawaombea njia njema. Mpaka hapo palikuwa pazuri. Toroli liliguna, likaanza kwenda.

Shida ilikuwa mtaa. Ule mtaa hauna mtu anayepita kimya, na Baridi alikuwa amemtengenezea friji kila aliyekuwa na friji.

"Baridi! Mnapeleka wapi hicho kidude?"

"Kwa daktari, mama. Habari za nyumbani?"

"Usisimame," alisema Msusi.

"Dada, mtu kanisalimia."

Wakasimama. Yule mama alifunua kitambaa, akaguna, akasema mbwa anayetapika hatikiswi, wangengoja atulie. Gurudumu la kushoto likapasuka. Wakaendelea na la kulia, Askari akiinua upande mmoja kwa mtaimbo. Muuza vocha akasema aliwahi kusikia mkaa uliosagwa. Dereva wa lori la maji akateremka kabisa kwenye lori lake ili atoe ushauri akiwa ametulia. Kila mmoja alikuwa na huruma ya kweli, na kila mmoja alianza kwa kusema ngojeni. Ekseli ikapinda kama kijiti cha aiskrimu.

Mbele ya kibanda cha fundi simu, toroli lilizama kwenye lami. Lilizama bila fujo, kama kitu kinachokaa. Kutoka hapo bango la daktari lilikuwa linaonekana, kijani, na ng'ombe wake ambaye mchoraji alimpa macho ya mtu.

Watu walijaa. Mmoja alileta mwavuli, mwingine maji, mwingine kiti cha Msusi akae. Kulikuwa na joto zuri la watu wengi, na mtu anayepita kwa mbali angedhani ni sherehe. Msusi hakukalia kiti. Alipiga magoti juu ya lami, akaingiza vidole chini ya kitambaa, na Meneja akavikagua: alivinusa, mafuta ya nywele, uzi, nywele za bi harusi, akalamba kimoja.

"Haya," alisema Msusi. "Haya, nimerudi."

Alimwambia daktari kwa simu kuwa wako nje hapo, anawaona. Daktari akasema na yeye anawaona, anashona, anakuja. Alipotoka mlangoni, glavu mikononi, toroli lilikuwa tayari limepanda juu ya lami na kukaa sawa. Gari dogo lilipita, upepo wake ukamwinua Meneja pamoja na kitambaa chake, na Msusi akawahi kumdaka mguu.

"Angalau sasa anabebeka," alisema mtu nyuma yake, na wengine wakaitikia kwamba ni kweli, ni nafuu.

Daktari alimchukua Msusi ndani. Alikuwa msichana mdogo wa umri, mabuti ya mpira yanampwaya. Meza yake ya chuma ilikuwa na mabonde, moja kando ya jingine, marefu na mafupi, na paka aliyeshonwa alikuwa amelazwa mahali palipobaki tambarare.

"Alianza lini?" aliuliza daktari, ingawa alikuwa anajua.

"Alfajiri."

"Alfajiri ulimbebaje?"

"Kwa mkono mmoja."

Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu. Hakusema pole. Alisema kwamba ugonjwa ule unachukua wengi hata wanaowahi, kwa hiyo haijulikani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, aliongeza kwamba wanaowahi, wengi wao hurudi nyumbani.

Kwa nyuma kulikuwa na chumba chenye paa la juu. Daktari alifungua mlango kidogo, akaingia upande upande ili upepo usiwatoe waliomo, akamwita Msusi. Chini hapakuwa na kitu, sakafu imefagiwa. Juu, chini ya mabati, walikuwa wamelala wote: mbwa, paka, mbuzi mmoja mweupe, kasuku aliyekunja mabawa, wameegemea dari migongo juu, wanasukumana taratibu kila mlango unapofunguliwa.

"Hawa wote wana watu wao," alisema daktari. "Watu huja kuwaona mwanzoni."

Msusi alitoa mfukoni uzi mweusi wa kusukia, akamfunga Meneja mguuni, kwa fundo la kazi, lile lisilofunguka likilowa. Akamwachia. Meneja alipanda polepole, akagonga mgongo wa mbwa mkubwa, akageuka, akatulia, sikio moja limelala na jingine limesimama. Uzi ulining'inia mpaka kimo cha uso wa mtu. Msusi aliushika. Alikaa pale chini akiushika kwa muda ambao daktari hakuuhesabu, maana alikuwa amepigiwa simu na watu wengine, nao alikuwa anawauliza rangi ya fizi. "Mleteni sasa," Msusi alimsikia akisema. Kisha akauliza: "Mzito kiasi gani?"

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limebaki kwenye mabati tu. Ua ulikuwa umewashwa taa. Meza ya Bi Mkubwa ilikuwa imewekwa chakula na sahani zote zimefunikwa, lakini haikuwa mahali pake chini ya baraza. Ilikuwa imesogezwa hadi katikati ya ua, karibu na bomba, nusu yake kwenye tope. Wote walikuwa wamekaa. Hakuna aliyegusa kitu.

"Huyo kafika," alisema Mama Sufuria. "Pole, shoga yangu."

"Pole, dada," alisema Baridi.

"Pole sana," alisema Askari. "Na soksi ile, kama ni hiyo, unisamehe."

Msusi aliwashukuru mmoja mmoja. "Mbona meza iko huku?"

"Bi Mkubwa hajisikii vizuri," alisema Askari. "Ni tulipotoka getini tu. Anaingia ndani, funguo zikamdondoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akaketi hapo bombani. Na maneno yanamtoka yamelegea kidogo."

"Kalalia mkono vibaya," alisema Mama Sufuria. "Nimemkanda kwa maji ya moto."

"Mimi nasema ni mshtuko wa mbwa," alisema Baridi. "Akilala, utapita."

Msusi alimtazama Bi Mkubwa. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, kama pazia lililochomoka kwenye kulabu moja. Miguu ya kiti chake ilikuwa imeingia ndani ya saruji, na kiti kilikuwa kimekaa chini sana hivi kwamba meza ilimfika kifuani. Mchana walitaka kumhamishia kivulini wakashindwa, ndiyo maana waliileta meza kwake.

"Kwa nini hamjampeleka hospitali?"

Walitazamana. Haikuwa aibu. Ilikuwa zaidi kama watu walioumizwa kidogo moyo.

"Bila wewe?" alisema Mama Sufuria. "Tungeanzaje? Umo kwenye msiba wako, sisi huku tukuamulie mambo? Tulikuwa tunakungoja."

"Basi twendeni. Sasa hivi. Leteni toroli."

"Toroli ekseli imepinda," alisema Baridi. "Wa kuchomea kasema nimngoje hadi kesho."

"Leteni mtaimbo. Leteni watu."

"Mimi nakubali," alisema Askari.

"Na mimi," alisema Mama Sufuria. "Nani atakataa? Sote tunakubali. Ila kaa kwanza, shoga, usitoe neno lako umesimama mlangoni kama polisi."

Vikombe mezani vilitikisika. Kiti kilishuka kidogo, na Bi Mkubwa akashuka nacho, uso wake sasa umekaribia vifuniko vya sahani. Aliinua mkono wake mzima, akavuta sahani moja iliyokuwa mbele ya nafasi tupu, akaifunua. Mvuke ukatoka.

"Ingia, mwanangu," alisema, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. "Umeshinda na njaa kutwa. Karibu, ule kwanza."